Mwanafunzi Mgeni katika Msitu wa Amani

(Hotuba iliyosomwa na mwanachama mmoja mbele ya mkutano wa Chama)



Nimepewa heshima ya kuwaeleza khabari za binti mmoja aliyetoka Ujerumani akaja kukaa nyumbani kwetu, kijiji kilicho karibu na Amani katika milima ya Usambara Mashariki, ili ajifunze maisha ya watu na mimea ya nchi ile. Mimi nilikuwa katika likizo yangu, na baba yangu aliniagiza nimtembeze mgeni. Sikujua ya kuwa agizo lile litanitia haya.

Wengi wenu mnaijua Amani kwa jina tu. Wadachi walianzisha pale bustani ya majaribio ya mimea mwaka wa 1902, na mwaka wa 1997 msitu ulifanywa hifadhi. Maji ya mto Sigi, yanywewayo Tanga, hutoka milima hiyo. Tena huko huota ua dogo la zambarau, lipendalo kivuli cha majabali, ambalo watu wa Ulaya hulipanda katika vyungu na kuliweka madirishani. Aliyelipeleka kwao, mwaka wa 1892, alikuwa mtumishi wa serikali, Bwana Shauri wa Kidachi wa Tanga, Walter von Saint Paul-Illaire; na mwaka uliofuata wataalamu wakalipa jina lake. Hapana shaka wazee wetu walikuwa wamekwisha liona zamani sana. Illa majina yao hayakuandikwa popote.

Siku ya kwanza mgeni aliniuliza, “Mti huu waitwaje?” Nikajibu kwamba ni mti wa msituni. Mtoto wa kaka yangu, aliyetufuata nyuma na dumu la maji, akasema taratibu, “Baba mdogo, huo ni msambu.” Akaeleza jinsi matunda yake yaangukavyo, jinsi kokwa zake zitoavyo mafuta ya kupikia, na jinsi panya buku wazichukuavyo kuzifukia. Mimi niwezaye kulitoa jalada lolote masjala kwa kufumba macho, sikuujua mti uliosimama nyuma ya nyumba niliyozaliwa!

Siku ya tatu, labda kwa kuwa aliona sina faida, mgeni alitoka peke yake baada ya adhuhuri kulitafuta lile ua kandokando ya kijito. Hakumwaga mtu. Alasiri ukungu ukashuka, na simu yake haikupatikana. Mimi nilianza kukimbia huku na huku nikipiga kelele. Baba yangu hakupiga kelele. Aliwauliza wanawake waliorudi na kuni wamepita njia gani, na wameona nini. Kisha akachukua taa na fimbo. Tulimkuta magharibi, ameketi juu ya jiwe, kifundo cha mguu kimeteguka, anatetemeka kwa baridi.

Akasema, “Babu, niliiona njia nikaifuata.”

Mzee akamjibu, “Mjukuu wangu, hiyo ni njia ya nguruwe, si ya watu.”

Tangu siku ile mgeni alishika mambo matatu: kuaga aendako, kutembea nyuma ya ajuaye, na kuomba ruhusa kabla ya kuchuma. Mguu ulipopona, alimfuata mzee kila asubuhi na daftari mkononi. Aliandika jina la Kisambaa la kila mti, kazi yake, na mahali uotapo. Alipoondoka, daftari lilikuwa limejaa.

Mabwana, daftari hilo sasa liko Ujerumani. Simlaumu binti yule hata kidogo. Alikuja kujifunza, naye alijifunza. Najilaumu mwenyewe. Baba yangu ni mzee sana, macho yake yamefifia, na nyumbani kwetu hapana hata ukurasa mmoja wa maneno yake, ingawa mwanawe amekula mshahara wa kalamu miaka ishirini.

Basi yafaa kila mmoja wetu apatapo likizo asiimalize barazani. Na aingie msituni nyuma ya mzazi wake, awachukue na watoto wake, aulize bila haya, na aandike. Likizo yangu ijayo ni mwezi wa Desemba, nami nimekwisha nunua daftari.