KUFUGA KOMBE NA CHAZA

 Maneno ya leo yanawahusu kwanza watu wa Bagamoyo, Kaole, Mlingotini na Mbegani, na wale wa Kunduchi na Mbweni. Mwalimu wa darasa, tafadhali andika ubaoni maneno haya manne: KOMBE, CHAZA, ZIZI, BAMVUA. Wanafunzi wayasome kwa sauti, kisha tuanze.

Kombe tunayemsema leo si lile linalogombewa na timu za mpira. Ni yule mnyama wa baharini mwenye magamba mawili, yenye mistari iliyoinuka kama matuta ya shamba. Hujificha kidogo tu chini ya mchanga, penye majani ya bahari. Ukimfungua utaona damu nyekundu kama ya mtu. Chaza ni ndugu yake, lakini yeye hakai mchangani. Hujishika juu ya mwamba au juu ya mizizi ya mikoko.

Akina mama mnaokwenda pwani wakati wa bamvua mnawajua wanyama hawa kuliko mimi. Ndio kitoweo cha siku ambayo mashua hazikutoka, na ndio pesa ya daftari la mtoto. Basi waulizeni bibi zenu: walipokuwa wasichana walitembea hatua ngapi mpaka kikapu kikajaa? Na ninyi leo mnatembea ngapi? Mwalimu, waache wajibu. Jambo hili halihitaji kitabu.

Sababu ya kupungua ni nini? Wengi watasema, "Tumewala." Ni kweli, lakini ni nusu ya kweli. Sikilizeni nusu ya pili. Kombe hamfuati mwenzake kama kuku amfuatavyo jogoo. Dume humwaga mbegu yake majini, na jike humwaga mayai yake majini. Mbegu na mayai vikikutana, hutokea kijidudu kidogo kisichoonekana kwa macho. Kijidudu hicho huchukuliwa na mkondo siku nyingi, kabla hakijatua chini na kuanza kukua. Sasa fikirini. Kombe mmoja amebaki hapa, na mwingine yuko hatua hamsini kule. Mbegu na mayai vitakutanaje katika bahari kubwa namna ile? Kwa hiyo hata kombe waliosalia huwa kama hawapo, maana hawazai.

Ndiyo maana watu walifikiri habari ya zizi. Huko Unguja, katika vijiji vya Fumba na Bweleo, akina mama wamejaribu kazi hii tangu miaka ya 2000, wakisaidiwa na wataalamu wa Taasisi ya Sayansi za Bahari ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Walizungushia uzio sehemu za pwani na kuwaweka kombe wadogo ndani wakue. Pia walitundika chaza wa lulu majini kwa kamba. Ndani ya gamba la chaza hubandikwa kitu kidogo cha mviringo, na chaza hukifunika polepole kwa ute wake unaong'aa, mpaka inakuwa nusu ya lulu. Mwanamke asiyekuwa na kitu ila kikapu akapata kito cha kuuza kwa wageni.

Je, sisi tunaweza? Tunaweza, lakini si kila mahali. Kuchagua mahali ndiyo kazi yenyewe, na hapo nitakaa kidogo.

Kwanza, jihadharini na maji matamu. Kaskazini ya mji wa Bagamoyo mto Ruvu unaingia baharini, na mbele zaidi, katika Hifadhi ya Saadani, unaingia Wami. Wakati wa masika mito hii hutoa maji mengi yenye tope. Kombe akizungukwa na maji yasiyo na chumvi hufunga magamba yake. Kufunga ni kujikinga, lakini pia ni kuzuia pumzi na chakula. Siku moja atavumilia. Maji yakikaa hivyo siku nyingi, atakufa. Basi usijenge zizi karibu na mlango wa mto, hata kama mwezi wa Januari pale panapendeza.

Pili, tazameni maji yanapokupwa. Kombe hula kwa kuchuja maji, hatafuni kitu. Kila saa anayokaa nje ya maji ni saa ya njaa na ya jua kali. Pahali pazuri ni pale panapoachwa wazi wakati wa bamvua tu, muda mfupi, ili nawe upate kufika na kufanya kazi. Siku za maji mafu pawe chini ya maji mchana na usiku.

Tatu, pigeni hodi kabla hamjajenga. Pwani ina wenyewe: kuna wavuvi, kuna wakulima wa mwani, kuna kamati ya BMU ya ufuko wenu. Enendeni pia kwa Afisa Uvuvi, kwa kuwa iko Sheria ya Uvuvi ya mwaka 2003. Na katika visiwa vya Mbudya na Bongoyo, ambavyo ni hifadhi tangu mwaka 1975, haturuhusiwi kuokota hata gamba.

Zizi lenyewe si kazi kubwa. Vigingi vifupi na wavu kuukuu wenye matundu madogo vinatosha. Wavu uingie chini ya mchanga kiasi cha shubiri moja, kwa sababu kaa ni mchimbaji hodari. Msikate mikoko kwa vigingi. Mikoko inalindwa na serikali, na isitoshe ndiyo nyumba ya chaza; mtu habomoi nyumba moja ili ajenge nyingine. Kombe wana maadui wengi: pweza, kaa, taa, kiti cha pweza, na konokono wa bahari anayetoboa gamba kwa subira kama fundi seremala. Kila mnapokwenda, watoeni. (Pweza mpeleke jikoni; nadhani sina haja ya kusema.)

Msiwarundike kombe. Nimeona kwamba hili ndilo gumu kukubaliwa, maana mtu akiona zizi limejaa hufurahi. Lakini kombe mia waliobanana hugawana chakula cha kombe thelathini, na wote huwa wembamba. Acheni nafasi ya kiganja baina ya mmoja na mwenzake. Karibu vya kutosha kwa kuzaa, mbali vya kutosha kwa kula.

Utamjuaje aliye mzima? Mguse. Mzima hufunga magamba upesi. Aliye wazi na hafungi amekufa au yu karibu. Mtoe siku ile ile, maana uozo wake huharibu maji ya wenzake. Usimle.

Sasa nitawaambia habari ya kuwashangaza. Kuna watu Ulaya na Marekani wanaofuga chaza sebuleni, ndani ya hodhi ya kioo. Hawafugi kwa kitoweo. Wanafuga kwa uzuri, kama sisi tunavyopanda maua barazani. Chaza wanaowapenda ni wale wakubwa wa mwambani, wenye midomo ya rangi ya samawati na kijani, ambao wako katika miamba yetu pia. Chaza huyu ana ajabu: ndani ya nyama yake wanaishi mimea midogo sana, na mimea hiyo hutumia mwanga wa jua kutengeneza chakula, ikampa mwenyeji wake. Kwa hiyo mwenye hodhi lazima aweke taa kali, la sivyo chaza wake anakufa kwa njaa. Lazima apime chumvi, gramu 35 hivi kwa kila lita ya maji. Lazima joto lisipande wala kushuka sana, liwe kama nyuzi 25 mpaka 27. Na kwa kuwa chaza hujenga gamba kwa kalisi iliyomo majini, lazima apime kalisi hiyo, miligramu 400 mpaka 450 kwa lita, na kuiongeza inapopungua. Kazi hii yote, pamoja na bili ya umeme, bahari ya Bagamoyo inatufanyia bure.

Lakini bahari nayo huugua. Mwaka 1998 maji yalipata joto mno, na matumbawe mengi ya pwani yetu yakawa meupe na kufa. Joto la namna hiyo humfukuzia hata chaza mkubwa ile mimea inayomlisha. Basi ukimwona mwambani, mwache. Amejishika kwa nyuzi, ukimng'oa unamchana. Na kumpeleka nchi za nje kunahitaji kibali chini ya mkataba wa kimataifa uitwao CITES. Mtu akija na pesa mkononi bila karatasi, mpelekeni kwa Afisa Uvuvi.

Neno moja la afya. Mnyama anayechuja maji huchuja na uchafu. Msiokote chaza karibu na mfereji wa vyoo, wala pale mto Msimbazi unapoingia baharini na taka za mji. Kupika vizuri huua vijidudu vya maradhi. Lakini wakati mwingine bahari hubadilika rangi kwa wingi wa mimea midogo yenye sumu, na sumu hiyo moto hauiondoi. Maji yakibadilika rangi, acheni kula mpaka Afisa aseme.

Sasa chukueni madaftari. Pigeni mistari mitatu kwenda chini, mpate vyumba vinne. Juu ya chumba cha kwanza andikeni TAREHE, cha pili IDADI, cha tatu UREFU, cha nne WALIOKUFA. Chagueni kombe kumi wa zizini, watieni alama ya rangi, na kila bamvua wapimeni kwa rula, kwa milimita. Mwenye zizi asiyeandika husema, "Naona wanakua." Mwenye daftari anajua. Ikiwa miezi mitatu urefu haukuongezeka, zizi limekaa mahali pabaya au limejaa mno, na kulihamisha ni bora kuliko kungoja.

Wasio na zizi waokote gamba moja tupu, walipime, waandike urefu wake katika mstari wa kwanza na kuleta daftari darasani siku ya somo lijalo. Kwaherini.