Vipimo vya Ini Vinapopanda na Kushuka: Mazungumzo na Mama Mwenye Hepatitisi B

Mazungumzo haya ni yenu nyote mlio hapa Habaswein mjini, na nyinyi mlio Sabuli, Dadajabula, Diif na kule malishoni mnakotusikiliza kwa redio ya betri. Ni mimi muuguzi wenu wa afya ya jamii. Kaeni kivulini, mpeni mtoto titi, tuzungumze.

Siku chache zilizopita mama mmoja alinijia akiwa na karatasi tatu za maabara. Amekuwa akiishi na virusi vya hepatitisi B tangu alipopimwa kliniki ya wajawazito. Alizitandaza karatasi zake mezani akasema: "Sista, hii ya kwanza waliniambia niko sawa. Hii ya pili wakaniambia ini langu linaumia. Hii ya tatu wananiambia tena niko sawa. Ni nani ananidanganya?"

Nilizitazama. Mahali palipoandikwa ALT, karatasi ya kwanza ilisema 24, ya pili 88, ya tatu 31. Nikamwambia, mama, hakuna aliyekudanganya. Karatasi zote tatu ni za kweli. Kisha nikamwuliza, na zile dawa ulizopewa na daktari baada ya karatasi ya pili? Akanijibu kwamba ameziacha wiki mbili sasa. Kwa nini? Kwa sababu karatasi ya tatu inasema yuko sawa.

Hapo ndipo niliposhtuka, na ndiyo sababu ya mazungumzo yetu ya leo. Nambari 88 haikunitisha sana. Kilichonitisha ni ile 31, na jinsi mama huyu alivyoielewa.

Tuanze na ALT yenyewe. Ndani ya seli za ini kuna kitu kinachoitwa ALT, kinachosaidia ini kufanya kazi yake. Seli za ini zikiumia, ALT humwagika ndani ya damu, na maabara huipima. Ikiwa nyingi kwenye damu, tunajua kuna seli zinazoumia.

Jina la mji wetu mnalijua maana yake: vumbi kubwa. Ukisimama ukaona vumbi limepanda kule mbali, unajua kuna kitu kinachotembea. Lakini hujui bado kama ni ngamia wanaokuja kunywa maji, ni lori linalotoka Wajir, au ni upepo tu. Itakubidi usubiri na utazame tena. ALT ni kama vumbi hilo. Inatuambia kuna jambo kwenye ini. Haituambii ni jambo gani, wala haituambii litaendelea hadi lini. Na tusisahau upande wa pili: fisi aliyelala hatimui vumbi, lakini bado yuko.

Sasa, kwa nini ALT hupanda na kushuka kwa mtu mwenye hepatitisi B? Kwa kawaida, virusi hivi havilili ini moja kwa moja. Wanaoliumiza ni askari wa mwili wako mwenyewe, yaani kinga ya mwili, wanapopigana na virusi vilivyojificha ndani ya seli za ini. Vita vikiwaka, seli huumia na ALT hupanda. Vita vikitulia, ALT hushuka.

Mtu aliyeambukizwa akiwa mtoto mchanga anaweza kukaa miaka mingi askari wake wakiwa wamelala. Virusi ni vingi sana kwenye damu, lakini ALT ni ya kawaida. Baadaye askari wanaamka, na ALT inapanda. Wakivishinda nguvu virusi, ALT inashuka na virusi vinakuwa vichache. Lakini virusi haviondoki vyote, na baada ya miaka vinaweza kuamka tena.

Kwa hiyo ALT ya kawaida inaweza kuwa na maana tatu zilizo mbali kabisa. Inaweza kumaanisha kwamba virusi vimetulizwa. Inaweza kumaanisha kwamba virusi ni vingi na askari wamelala. Au inaweza kumaanisha kwamba dawa inafanya kazi yake. Mama wetu alikuwa katika hali ya tatu. ALT yake ilishuka kwa sababu alikuwa anameza dawa kila siku, naye akaiona nafuu ile kama ruhusa ya kuiacha. Ukiacha dawa ya hepatitisi B bila daktari kujua, virusi vinaweza kurudi kwa nguvu, na ini likavimba vibaya kuliko mwanzo. Wako waliopoteza maisha kwa njia hiyo.

Jambo lingine lililomchanganya ni mpaka wa kawaida. Kila maabara huandika mpaka wake kando ya jibu. Nyingi huandika hadi 40 au karibu na hapo. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2024 kuhusu hepatitisi B, linatumia mpaka wa chini zaidi: 30 kwa wanaume na 19 kwa wanawake. Kwa hiyo 24 ya mama huyu ilikuwa sawa kwenye karatasi, lakini daktari anayefuata mwongozo huo angesema bado tunaiangalia. Ndiyo maana, ukiweza, pima kwenye maabara ileile. Na usilinganishe nambari yako na ya jirani.

Lakini si kila vumbi ni la hepatitisi B. ALT inaweza kupandishwa na dawa za kifua kikuu, na parasetamoli iliyozidi kipimo, na mitishamba, na mafuta yanayojaa kwenye ini kwa watu wanene na wenye kisukari, na pombe. Madaktari, wakiwemo wa Uingereza, wameeleza pia juu ya watafunaji wa miraa walioumia ini. Tena unaweza kuwa na hepatitisi B na ukapatwa na hepatitisi nyingine juu yake. Mnakumbuka mwaka 2012 hepatitisi E ilipozuka kwenye kambi za wakimbizi za Dadaab. Ile huenea kwa maji machafu, na huwa hatari zaidi kwa wajawazito. Kwa hiyo ukifika kwa daktari, mwambie kila kitu ulichomeza, hata kile alichokupa nyanya nyumbani. Usione haya. Na kama unatumia dawa za kifua kikuu, usiziache mwenyewe. Rudi kwa waliokupa, wakupime.

Kina mama, kuna wakati mmoja wa kuangalia kwa makini zaidi, nao ni miezi ya kwanza baada ya kujifungua. Wakati wa ujauzito askari wa mwili hupunguza makali. Ukishajifungua huamka, na ALT inaweza kupanda. Usishangae, lakini usiache kwenda kupimwa kwa sababu tu mtoto anakunyima usingizi.

Sasa nizungumzie jambo nyeti, nami nalisema kwa heshima ya wazee wetu. Macho yakigeuka manjano watu husema ni cagaarshow, na mgonjwa hupelekwa kuchomwa kwa moto mkononi au tumboni. Baada ya wiki kadhaa akipimwa, ALT imeshuka, na watu husema moto umeponya. Lakini tumesema nini leo? ALT hupanda na kushuka yenyewe. Ingeshuka hata bila moto. Moto umechukua sifa ya kazi ambayo haukuifanya, umeacha kidonda, na virusi bado vimo ndani ya damu. Nasema hivyo hivyo kuhusu chupa za dawa ya kusafisha ini zinazouzwa sokoni.

Basi, ikiwa ALT peke yake haitoshi, ni nini kingine cha kuuliza? Muulize daktari kuhusu kiwango cha virusi kwenye damu. Muulize kuhusu chembe za kugandisha damu: zikianza kupungua, huenda ini limeanza kuwa na makovu. Kwa kutumia chembe hizo na kipimo kingine kiitwacho AST, daktari anaweza kukadiria makovu hata mahali pasipo na mashine kubwa. Kuna bilirubini, ile inayofanya macho kuwa manjano. Kuna albumini, na muda wa damu kuganda, vinavyoonyesha kama ini bado lina nguvu za kazi. Na kuna picha ya ultrasound ya tumbo, hasa kwa mwenye makovu au ambaye kwao kuna aliyekufa kwa saratani ya ini. Si vyote vinapatikana kila kituo, na safari ya Wajir au Garissa ni gharama. Kwa hiyo uliza mapema ni kipi kinachohitajika kwanza, ili safari moja ifanye kazi nyingi.

Wengi ambao hawatumii dawa hupimwa kila miezi 6, wengine mara moja kwa mwaka, na wengine mapema zaidi. Daktari atakupangia. Lakini usisubiri tarehe ukiona macho ya manjano, mkojo mweusi kama chai ya strungi, tumbo kuvimba, kutapika damu, choo cheusi, au mgonjwa kuchanganyikiwa na kulala kupita kiasi. Hapo ni hospitali siku hiyohiyo, hata usiku.

Kuhusu dawa, inayotumika zaidi ni tenofovir, kidonge kimoja kwa siku. Najua kinachowasumbua baadhi yenu. Dawa hiyo pia ni mojawapo ya zile zinazotumiwa kwa virusi vya ukimwi, na mama huogopa jirani akiliona kopo. Mama, kopo haliandikwi ugonjwa wako. Utapimwa ukimwi kabla ya kuanza, kwa sababu matibabu yanatofautiana, na majibu ni siri yako. Mwezi wa Ramadhani kidonge kimezwe wakati wa daku au baada ya kufuturu. Kimoja kwa siku hakikukatizi saumu.

Sasa watoto. Mtoto mchanga akiambukizwa wakati wa kuzaliwa, kwa kila 10 kama 9 hubaki na virusi. Mtu mzima akiambukizwa, kwa kila 100 hubaki navyo chini ya 5. Ndiyo maana tunamkimbilia mtoto kwanza. Hapa Kenya chanjo ya hepatitisi B ilitiwa ndani ya sindano ya pentavalenti mwishoni mwa mwaka 2001, na hutolewa wiki ya 6, ya 10 na ya 14. Mama mwenye virusi aulize, kabla ya siku za kujifungua, mahali atakapopata chanjo ya kwanza ya mtoto ndani ya saa 24 baada ya kuzaliwa, na kama yeye mwenyewe anahitaji dawa wakati wa ujauzito. Kunyonyesha endelea. Kula sahani moja, kukumbatiana na kubeba mtoto haviambukizi. Kinachoambukiza ni damu na majimaji ya mwili: wembe, sindano, mswaki wa kushirikiana, na kujamiiana. Mume na watoto wapimwe, na asiye na virusi wala kinga achanjwe.

Neno moja la jikoni. Mahindi yaliyoota ukungu yanaweza kuwa na sumu iitwayo aflatoksini. Mwaka 2004 iliua watu 125 katika sehemu za Makueni, Kitui na jirani zake. Kwa mwenye hepatitisi B sumu hiyo huongeza sana hatari ya saratani ya ini. Mahindi ya msaada yakifika yakiwa na unyevu au ukungu, usiyasage, wala usimpe mbuzi wa maziwa.

Narudi kwa mama wetu. Siku ile ile tulizungumza na daktari, akamrudishia dawa na kumpangia kipimo kingine. Wiki iliyofuata alirudi na mumewe na watoto wanne kupimwa. Alikuwa ameshona mfuko mdogo wa kitambaa, ndani yake karatasi zote tatu, na nyuma ya kila moja mwanawe wa shule alikuwa ameandika: hapa mama alikuwa mjamzito, hapa alianza dawa, hapa aliziacha. Daktari alisema hajaona faili nzuri kama ile. Kipimo chake kijacho kinaweza kupanda. Safari hii anajua kwamba kikipanda tutatazama pamoja, na kwamba kikishuka dawa inaendelea.

Mambo ya kukumbuka:

1. ALT moja haitoshi. Tunatazama nyingi, kwa mpangilio wa tarehe.
2. ALT ya kawaida si kupona. ALT iliyopanda si hukumu ya kifo.
3. Usianze wala usiache dawa kwa sababu ya nambari moja. Uliza kwanza.
4. Weka karatasi zote kwenye mfuko mmoja. Mkihama na mifugo, mfuko uhame nanyi.
5. Mume na watoto wapimwe, wachanjwe.

Ikiwa unaishi na virusi hivi, hauko peke yako. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2022 watu milioni 254 duniani walikuwa navyo. Wengi wanalea, wanachunga, wanazeeka na wajukuu wao. Mwenyezi Mungu awape afya. Mpaka wiki ijayo, kwaherini.