Fundi Kwanza, Duka Baadaye
Kompyuta ya mezani inapozorota, aghalabu mwenyewe hukimbilia dukani, ilhali maradhi yenyewe huenda yamo katika diski ya kuzunguka, ambayo, mithili ya santuri za wazee wetu, haina budi kuzungushwa ndipo faili lisomwe. Basi fundi kwanza, duka baadaye. Mwambie aitoe diski hiyo, atie ya SSD isiyozunguka, na kumbukumbu ya RAM aiongeze. Gharama yake ni hafifu ukilinganisha na mashine mpya. Narudia: fundi kwanza, duka baadaye. Ila ikiwa mashine haikubali mfumo wa Windows 11, tahadhari, kwani Microsoft ilisitisha huduma ya kawaida ya kusasisha Windows 10 mwezi Oktoba 2025. Hapo ama utie mfumo wa Linux, ambao ni bure, ama ununue mashine mpya. Na kabla fundi hajaigusa, nakili nyaraka zako.