Pigo Moja, Vifo Mbalimbali

Ndugu mkulima, leo tupime jambo hili: kwa nini maafa ya aina moja huua wengi nchi hii na wachache nchi ile?

Chukua mwaka 2010. Mwezi Januari tetemeko la kipimo cha 7.0 liliipiga Haiti, likaua watu zaidi ya 100,000. Mwezi Februari Chile ikapigwa na tetemeko la 8.8, kubwa mno kuliko lile. Waliokufa ni kama 500. Chile walikuwa wakijenga kwa sheria ya kuhimili matetemeko. Haiti nyumba nyingi zilikuwa dhaifu.

Sasa tazama wakulima wenzako wa Bangladesh. Kimbunga cha mwaka 1970 kiliua watu wapatao 300,000 au zaidi pwani ile. Mwaka 2007 kimbunga kikali, Sidr, kikaua 3,000 na zaidi. Bado ni msiba, lakini tofauti unaiona. Katikati hapo walijenga majengo ya kukimbilia, na watu wa kujitolea wakapita vijijini na bendera na vipaza sauti. Tena waliinua vilima vya udongo kwa ajili ya mifugo, maana mkulima hakubali kuhama akimwacha ng'ombe wake.

Basi jiulize kabla ya masika: mifugo yako itapanda wapi mto ukifurika? Mbegu ya msimu ujao umeiweka juu? Nani atamwamsha mzee wa jirani usiku?

Mvua huizuii, ndugu yangu. Kujiandaa unaweza. Kwaheri mpaka juma lijalo.