Notisi ya Kubomolewa: Mpaka Mmoja, Mahakama Mbili

Msikilizaji wetu wa Busia na Tororo, kwenye mpaka wa Kenya na Uganda, umeamka ukakuta ukutani alama ya X nyekundu: kanuni za mipango miji zimevunjwa, bomoa. Usidhani mambo yameishia hapo. Kanuni husimama juu ya msingi wa sheria ya bunge, nayo sheria juu ya msingi wa katiba, kama Mahakama ya Juu ilivyoitafsiri.

Kenya, ibara ya 163(7) ya katiba inazifunga mahakama zote nyingine kufuata maamuzi ya mahakama hiyo. Mwaka 2021, katika kesi ya Mitu-Bell, iliyohusu kijiji cha Mitumba kilichobomolewa jirani na uwanja wa ndege wa Wilson, iliamua kwamba wasio na ardhi waliojenga makazi kwenye ardhi ya umma hawapati hati miliki, lakini haki yao ya makazi inalindwa. Kanuni inayokanyaga haki hiyo inaweza kupingwa.

Uganda, Mahakama ya Juu iliamua mwaka 2015, katika kesi ya mamlaka ya barabara, UNRA, kwamba serikali haichukui ardhi kabla ya kulipa fidia; hilo linakugusa ikiwa ubomoaji ni wa kuitwaa ardhi yako.

Ila uamuzi wa Nairobi haumfungi hakimu wa Tororo. Unaweza kumshawishi tu. Basi soma notisi, uliza imetolewa chini ya kanuni gani, na umwone wakili kabla muda haujaisha.