Kwa Nini Esansi Hushika Moto kwa Mbali
Hotuba kwa wakazi na mafundi wa Zone Industrielle, Bujumbura



Tangu mafuta yaadimike nchini, bidoni zimeingia majumbani mwetu. Nyingine huvuka kutoka Uvira kupitia Gatumba, nyingine hujazwa kituoni na kuwekwa akiba. Hapa Zone Industrielle hukaa jirani na karakana za kuchomelea vyuma. Ndiyo sababu leo tunaomba kueleza jinsi petroli, tuiitayo esansi, inavyoshika moto.

Wengi hudhani kinachowaka ni majimaji yenyewe. Sivyo, kinachowaka ni mvuke wake. Esansi hutoa mvuke huo hata katika baridi ya nyuzi 40 chini ya sifuri, basi katika joto letu la kando ya Tanganyika haipumziki usiku wala mchana. Mazutu huhitaji kwanza kupata joto la nyuzi zaidi ya 50. Aliyezoea upole wa mazutu asidhani kwamba esansi nayo ina subira hiyo.

Mvuke wa esansi ni mzito kuliko hewa mara tatu hadi nne. Haupai kama moshi. Hutambaa sakafuni kama maji, hupita chini ya mlango, hutuama mashimoni na chini ya vitanda. Ukikutana na cheche ya fundi au imbabura ya jirani, moto huurudia njia ile ile hadi kwenye bidoni.

Wala pua si mlinzi wa kutegemewa, kwani huizoea harufu upesi. Bidoni tupu nayo ni hatari: mvuke uliobaki umekwisha changanyika na hewa, hivyo fundi asiikate wala kuichomelea. Moto ukiwaka, watu watolewe kwanza, kisha utumike mchanga. Maji yasimwagwe: esansi ni nyepesi kuliko maji, huelea juu yake na kuusambaza moto.

Tunajua wapo wanaoficha bidoni chini ya vitanda vya watoto kwa kutuogopa sisi. Hatutawadanganya: sheria ya forodha ingalipo, nasi tumeapa kuisimamia. Lakini anayeifungia esansi chumbani humkimbia askari na kuukaribisha moto. Bidoni iliyokamatwa ni hasara ya siku moja. Mtoto aliyeungua hana fidia.

Basi tunawasihi: esansi isilale walalapo watu. Ikae nje, kivulini, katika chombo kilichofungwa vema, mbali na jiko na karakana. Anayehisi harufu yake ndani asiwashe wala asizime taa. Afungue milango, awatoe watoto, kisha atuite. Tutakuja kwanza kuokoa; mengine yatasemwa baadaye, watu wakiwa hai.