"Kindly" Tuliyoiandika Sisi

(Mazungumzo ya wahamasishaji wetu wa maendeleo mbele ya viongozi wa vikundi vya kujisaidia)

 

Leo hatukuja kuzungumza juu ya mbuzi wa maziwa wala matangi ya maji. Tumekuja na neno moja la Kiingereza ambalo wengi wenu mnalo ndani ya faili za vikundi. Neno lenyewe ni "kindly". Msicheke. Neno hili limeleta taabu, na kosa lilianzia kwetu.

Mtakumbuka tuliwapa mfano wa barua ya kumkumbusha mwanachama aliyechelewa kulipa mkopo. Tuliiandika kwa Kiingereza maana tulidhani Kiingereza kina uzito. Ilianza hivi: "Kindly pay". Katika kikundi kimoja, ambacho hatutakitaja, barua hiyo ilipelekwa kwa mama aliyekuwa na deni la shilingi 3,000. Miezi mitatu ilikuwa imepita bila yeye kulipa. Kiingereza hasomi, basi akasomewa na mtoto wake. Mtoto alipofika kwenye "kindly" akasema, "Mama, hapo wanasema tafadhali." Wiki moja baadaye wanachama wanne walifika kwake, wakabeba sufuria mbili na mbuzi. Mume wake alikuwa amelazwa hospitalini tangu mwezi uliotangulia. Hakuna aliyemwuliza.

Sisi tulipomtembelea alitukaribisha vizuri, akatuletea viti. Kisha akasema, "Deni nalijua, siwezi kulikana. Lakini mlikuja kiaskari."

Kiaskari! Hakusema tulikosea kudai. Alisema tulikosea jinsi ya kudai. Maneno ya namna hiyo, yanayoonyesha jinsi tendo linavyofanyika, watoto shuleni huyaita vielezi. Kiingereza kina vingi vya kueleza utu: "kindly", "gently", "tenderly", "carefully". Vyote vimeongezewa mkia huo wa "-ly". Wanaochunguza lugha hiyo wanasema mkia huu zamani ulitokana na neno lenye maana ya mwili au umbo. Kwa hiyo kutenda "gently" ni kama kusema tendo lenyewe limechukua umbo la upole, mtu akaliona kwa macho.

Na hilo "kindly" lina undugu na neno lao la ukoo, "kin". Yaani hapo mwanzo lilikuwa karibu na kusema: kama ilivyo desturi ya watu wa damu moja. "Care" nalo, katika Kiingereza cha kale, lilikuwa na maana ya huzuni na wasiwasi. Leo mtu akikuambia "carefully" anataka tu usimwage maziwa, lakini zamani ndani yake mlikuwa na mtu anayekosa usingizi kwa ajili ya mwenzake.

Sasa itazameni tena barua yetu. "Kindly pay." Ni nani hapo anayeambiwa atende kwa wema? Ni mwenye deni! Sisi wenye kudai hatukujiwekea kielezi hata kimoja. Na siku hizi mambo yamekuwa mepesi zaidi, "kindly" inatumwa kwa simu saa nne za usiku, na aliyeituma analala vizuri.

Lugha yetu inatusaidia hapa kuliko tunavyofikiri. Mtu akifiwa tunamwambia pole. Akibeba mzigo mzito, pole. Mwendo wa kutokimbilia jambo ni polepole, na tabia ya mtu asiyeumiza wengine ni upole. Ni neno moja hilo! Anayemwendea mwenzake polepole, pole imo ndani ya miguu yake hata kabla hajafungua mdomo. Halafu kuna taratibu. Tunasema, "Mshike mgonjwa taratibu." Na katika mikutano tunasema, "Tufuate utaratibu." Asili yake ni Kiarabu, na maana yake ni mpango. Basi wale wanaosema katiba ya kikundi na huruma haviwezi kukaa nyumba moja, wasikilize vinywa vyao wenyewe.

Tunajua mweka hazina mmoja hapa ananung'unika moyoni: "Tukiwa wapole, pesa zitaisha." Ana haki ya kuuliza. Pesa hizo ni jasho la wajane na la vijana wanaovunja kokoto, na kumwachia mtu mmoja deni ni kuwadhulumu wengine ishirini. Hatusemi deni lifutwe. Msamaria katika Luka 10 alifunga majeraha, akampandisha mtu yule juu ya mnyama wake, akamfikisha kwenye nyumba ya wageni, kisha akatoa dinari mbili na kuahidi kulipa zaidi atakaporudi. Huyo ni mtu wa hesabu! Habari hiyo haikuhitaji vielezi vingi, vitendo vyenyewe vilitosha. Hata Paulo, katika Warumi 12, anapotaja mwenye kurehemu anaongeza kwamba afanye hivyo kwa furaha. Aliona hata huruma inaweza kutolewa kwa uso uliokunjwa.

Kwa hiyo tumekubaliana ofisini hivi. Malipo yakikosekana mara ya kwanza, watu wawili waende kumwona mwanachama, mmoja wao awe mtu ambaye yeye mwenyewe amezoeana naye. Waende mchana, na wasiende mbele ya wageni. Waulize habari za nyumbani kabla ya habari za daftari. Kama kuna ugonjwa au msiba, kikundi kikae na kugawa deni lake upya katika malipo madogo, na katibu aandike tarehe na kiasi katika kumbukumbu za mkutano, mwanachama atie sahihi au kidole gumba. Mfuko wa kusaidiana wakati wa shida uwekwe mbali na mfuko wa mikopo, la sivyo mmoja utameza mwingine. Anayeweza kulipa na hataki, huyo wadhamini wake waitwe, katiba ifuatwe. Lakini sufuria ambayo watoto wanapikiwa isiguswe. Hapo hatutaki mjadala.

Ile barua tumeiondoa. Mliyo nayo mrudishe, tutawapa nyingine ya Kiswahili, na itasomwa na mwanachama pamoja na hao wawili, wakiwa wameketi.

Kikundi kile kimerudisha sufuria. Mbuzi alikuwa ameshauzwa. Mama yule hajaonekana tena mkutanoni, na kanisani anakaa nyuma, anatoka kabla ya tangazo la mwisho. Jumanne tunamwendea tena, sisi wawili, bila karatasi yoyote.

Mwenyekiti, tunaomba maswali yaanzie kwa akina mama walio kule nyuma.